Kupima radoni Mtwara na Lindi: masika, kipupwe au mwaka mzima?

Kama una nafasi moja tu ya kupima radoni, gesi yenye mionzi inayopanda kutoka ardhini, nyumbani kwako, uipime mwezi gani? Swali hili si dogo. Chumba kilekile, kitanda hakijasogezwa, kinaweza kutoa namba mara mbili au tatu ya ile uliyoipata miezi michache nyuma. Aliyepima Novemba atalala bila wasiwasi, aliyepima Februari ataanza kutafuta fundi wa kubomoa sakafu, na huenda wote wawili wamesoma kipande cha mwaka wakadhani wamesoma mwaka.

Natanguliza jibu langu. Kipimo kinachokaa miezi mingi, kikapita masika na kiangazi, ndicho cha kufanyia uamuzi wa pesa. Ukibanwa, ukawa na wiki chache tu, pima masika, yaani msimu wetu wa mvua. Oktoba na Novemba ziache zipite, ingawa najua ndiyo miezi ambayo pesa ya korosho iko mkononi na kila mtu anapanga mambo ya nyumba. Sababu zangu hazifanani na zile za Ulaya, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la kipimo yameandikwa kwa watu wa theluji.

Gesi inayotoka chini

Huku kwetu neno gesi humpeleka mtu moja kwa moja Mnazi Bay na Madimba, au Songo Songo akiwa wa Lindi. Radoni haihusiani na visima wala mitambo hiyo ya gesi asilia. Hutokana na urani, ambayo imo kidogokidogo katika karibu kila mwamba na kila udongo duniani. Urani hugeuka polepole sana, hatua kwa hatua, mpaka kuwa radiamu, na radiamu hugeuka radoni. Kwa kuwa ni gesi, radoni huchomoka kwenye chembe ya udongo na kupanda kupitia nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Haina rangi, harufu wala ladha. Nje hutawanyika, wastani wake ukiwa kama bekereli 10 katika kila mita ya ujazo ya hewa (bekereli 1 ni atomi moja kugeuka kila sekunde). Ndani ya nyumba wastani wa dunia ni kama 40, lakini wastani huo unaficha mengi. Mwaka 1984 huko Pennsylvania, Marekani, mhandisi Stanley Watras alikuwa akipita kwenye kifaa cha kukagua mionzi kazini, kituo cha nyuklia cha Limerick, king'ora kinalia. Ikaja kuonekana kuwa mionzi alikuwa akiibeba kutoka nyumbani kwake, ambako radoni ilikaribia bekereli 100,000.

Madhara yake yako kwenye mapafu. Radoni ikigeuka huzaa chembe za poloniamu zinazoganda kwenye vumbi, tunazivuta, zinabaki ndani na kupiga seli kwa mionzi ya alfa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilipendekeza nchi zichukue bekereli 100 kuwa kiwango cha rejea, na pale inaposhindikana kisipite 300. Kila ongezeko la bekereli 100 huongeza uwezekano wa saratani ya mapafu kwa karibu asilimia 16. Anayevuta sigara yuko kwenye hatari mara nyingi zaidi ya asiyevuta, hata wakilala chumba kimoja.

Ninaomba jambo moja lishikwe hapa: namba hizi zote zinazungumzia wastani wa muda mrefu, hewa uliyovuta mwaka baada ya mwaka. Namba ya usiku mmoja haiwezi kulinganishwa nazo moja kwa moja. Ndiyo maana majira yana nguvu kubwa kwenye uchaguzi wa kipimo.

Baridi yao na kipupwe chetu

Ulaya ya kaskazini na sehemu kubwa ya Marekani, radoni hupanda majira ya baridi. Ndani kuna joto la mahita, nje kuna barafu. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya nyumba, na mahali pake huvutwa hewa nyingine kutoka chini, ikiwemo ile ya kwenye udongo. Madirisha nayo yamefungwa miezi kadhaa. Kwa hiyo wao huambiwa wapime baridi ikikolea, ili wapate namba ya juu.

Ukiuchukua ushauri huo ukauleta Lindi mjini bila kuugeuza, utapima Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Pwani, tofauti ya joto kati ya chumbani na nje wakati huo ni ndogo, haitoshi kuvuta hewa ya ardhini kwa nguvu. Upepo wa kusi unapuliza. Nyumba yenye matundu ya hewa juu ya madirisha, au paa la makuti, inapitisha hewa hata ukiwa umefunga mlango. Kipupwe cha pwani, kwa nyumba iliyo wazi, hakina la kutisha.

Newala ni habari nyingine. Juu ya uwanda wa Makonde, Juni na Julai kuna ukungu na baridi inayowafanya watu wafunge madirisha mapema na kujifunika blanketi. Udongo ni mkavu, gesi inapita humo kwa urahisi, ndani kuna joto la watu na pengine jiko la mkaa limeingizwa ndani, jambo ambalo ni hatari kwa sababu nyingine kabisa na linaua kwa usiku mmoja. Nyumba ya namna hii inaanza kufanana kidogo na ile ya Ulaya. Mtu wa Newala asikiache kipupwe kwenye hesabu yake.

Masika

Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja, hatuna vuli na masika zilizotengana kama Tanga; msimu huo mmoja ndio ninaouita masika. Inaanza Novemba au Desemba, inakatika Aprili au Mei. Ndani ya miezi hiyo mambo kadhaa hukutana.

Kwanza, udongo wa nje unalowa. Nafasi kati ya chembe zinajaa maji, na gesi iliyozoea kutoka uani na shambani inakosa njia. Chini ya jamvi la nyumba, yaani sakafu ya zege, pamebaki pakavu, au angalau pakavu kuliko nje, kwa hiyo gesi inafuata huko, inapenya kwenye nyufa za sakafu, pembezoni mwa ukuta na pale bomba linapopita. Pili, watu wanafunga madirisha kwa sababu ya mvua inayosukumwa na upepo na kwa sababu ya mbu. Tatu, shinikizo la hewa likishuka kabla ya mvua kubwa, hewa iliyomo ardhini hutoka kwa wingi kidogo kuliko kawaida. Hili la tatu ni dogo huku karibu na ikweta, nalitaja tu lisije likakushangaza kwenye kipimo cha kidijitali.

Kuna nyumba zinazokwenda kinyume. Iliyo bondeni, ambako maji ya masika hufika mpaka chini ya msingi, huweza kupata nafuu wakati huo kwa kuwa hata chini yake gesi imezibwa. Nyumba hiyo namba yake ya juu utaikuta kiangazi.

Baada ya masika na kipupwe, Septemba hadi Novemba ardhi ni kavu kila mahali, gesi inatoka popote inapotaka, joto linaanza kuuma, na watu wanalala madirisha wazi au wanakaa barazani mpaka usiku wa manane. Kwa nyumba ya kawaida hiki ndicho kipindi cha namba ndogo. Ukipima hapo peke yake, umepima nyumba yako ikiwa kwenye hali yake nzuri kuliko zote.

Kiyoyozi kinageuza kalenda

Sasa chukua nyumba mbili zinazopakana Shangani, Mtwara mjini. Moja ina madirisha ya wavu, feni, na dari ya mbao yenye mianya. Ya pili ina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, dari ya jipsamu iliyozibwa vizuri, na kiyoyozi ukutani. Novemba, joto likiwa kali, ya kwanza iko wazi usiku kucha. Ya pili imefungwa kabisa.

Watu wengi wanaamini kiyoyozi kinaingiza hewa safi. Kile cha kawaida cha ukutani hakiingizi. Kinachukua hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha palepale. Sehemu iliyo nje ya ukuta kazi yake ni kutupa joto. Feni vilevile inazungusha hewa iliyopo. Kwa hiyo chumba kilichofungwa saa nane za usingizi kinakusanya radoni yote inayopanda, na mwenye nyumba ya pili atakuta namba yake kubwa katika miezi ya joto la kaskazi, na pengine Oktoba na Novemba pia, huku jirani yake akiwa kwenye namba ndogo ya mwaka. Kipupwe kikifika anazima kiyoyozi, anafungua dirisha, na namba inashuka.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu nyumba zetu zinabadilika haraka. Matundu ya hewa yanazibwa ili vumbi lisiingie, luva zinang'olewa, vioo vinawekwa. Mtu anayeamua lini apime aanze kwa kujiuliza ni miezi gani nyumba yake hufungwa usiku, kabla hajatazama mawingu.

Na usiache wazi madirisha yasiyo na wavu kwa ajili ya radoni. Malaria bado ni tatizo kubwa katika mikoa yetu hii miwili na haisubiri miaka. Wavu mzuri wa dirishani unazuia mbu na bado unapitisha hewa.

Kopo la mkaa, kipande cha plastiki, au cha kidijitali

Kopo la mkaa ndilo la haraka. Unalifungua chumbani siku 2 hadi 7, mkaa maalumu unanyonya radoni, unalifunga, unalipeleka maabara. Kwetu sisi nalikataa, na nina sababu mbili. Radoni hupungua nusu kila baada ya siku 3.8. Kifurushi kikichukua siku 11 au 12 kutoka Mtwara hadi maabara iliyo ng'ambo, kilichobaki ndani ni sehemu moja ya nane ya kilichokusanywa. Maabara hupiga hesabu ya kurudi nyuma, lakini kadiri kinavyobaki kidogo ndivyo makosa yanavyokua. Sababu ya pili ni unyevu: mkaa hunyonya mvuke wa maji pia, na hewa ya pwani wakati wa masika imejaa mvuke. Tena vipimo hivi vya siku chache hutaka nyumba iwe imefungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na ibaki hivyo mpaka kipimo kiishe. Nani atafunga madirisha siku tatu mchana na usiku, mwezi wa Januari, Lindi, bila kiyoyozi? Akifanya hivyo atakuwa amepima nyumba ambayo hakuna anayeishi ndani yake.

Kipimo cha plastiki ni kijikopo kidogo chenye kipande cha plastiki ya aina ileile inayotengenezewa lenzi za miwani. Chembe ya alfa ikiigonga inaacha kovu lisiloonekana kwa macho. Maabara wanakilowesha kwenye dawa kali ya moto, makovu yanapanuka, wanayahesabu kwa hadubini. Hakitaki umeme wala betri, na kikishakaa miezi yake kovu halifutiki njiani, hata posta ikichelewa. Kinawekwa miezi 3 hadi 12. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na cha kidijitali.

Udhaifu wake ni kwamba kinakupa namba moja tu. Kikikaa mwaka mzima hakikwambii kama tatizo lilikuwa Februari au Julai. Ndiyo maana, kama pesa inaruhusu, napenda viwili kuliko kimoja: cha kwanza kitundikwe Desemba kikaondolewa mwisho wa Mei, cha pili kichukue Juni hadi Novemba. Wastani wa hizo mbili ndio wa mwaka, na tofauti yao inakuonyesha msimu wa kushughulikia.

Cha kidijitali kinakaa mezani na kukuonyesha namba kila siku. Uzuri wake ni kwamba utaona alfajiri inapanda na mchana inashuka madirisha yakifunguliwa. Utaona usiku wa mvua na usiku mkavu. Utajaribu kufungua dirisha moja na kuona faida yake. Pia kinahamishika, kwa hiyo ndugu watatu au majirani wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kupokezana. Tatizo ni bei, na pia tabia yetu ya kukitazama kila saa. Namba ya siku moja usiichukulie hatua. Wiki chache za mwanzo ziache zijikusanye.

Ukikinunua, angalia kinaonyesha kwa kizio gani. Vingi vya Marekani hutumia pikokuri kwa lita, na pikokuri 1 kwa lita ni bekereli 37 kwa mita ya ujazo. Wao huchukua hatua kwenye 4, yaani 148 kwa bekereli. Mtu akiona 4 akaifananisha na 100 ya Shirika la Afya atajiona yuko salama sana, kumbe ameshapita.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, nyumba moja ya Masasi ina bekereli 180 miezi mitano ya Desemba hadi Aprili, 120 miezi minne ya Mei hadi Agosti, na 60 miezi mitatu iliyobaki. Jumla ukiigawa kwa 12 unapata 130. Aliyepima Novemba alisoma 60 na kusema hakuna kitu. Aliyepima Februari alisoma 180 na kuogopa kupita kiasi. Nyumba yenyewe ni ya 130: imepita 100, iko chini ya 300, inataka marekebisho ya sakafu na hewa, haitaki kubomolewa.

Mwamba ulio chini yako

Nimetaja Masasi kwa sababu. Vilima vyake vya mawe, ukitazama Mtandi na vingine vinavyouzunguka mji, ni miamba mikongwe ya jamii ya gneisi na matale, na miamba ya namna hiyo mara nyingi hubeba urani zaidi kuliko mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani. Nachingwea na Nanyumbu nazo zina sehemu kubwa iliyo juu ya miamba mikongwe. Hilo halithibitishi kwamba nyumba fulani ina radoni nyingi. Linapanga tu foleni ya nani aanze kupima.

Kuna hofu nyingine ambayo haina msingi. Mradi wa urani wa Mto Mkuju uko Namtumbo, mkoa jirani wa Ruvuma, na wapo wanaodhani gesi hiyo husafiri chini kwa chini. Radoni haidumu. Kwa siku hizo 3.8 inatembea mita chache tu ndani ya udongo kabla nusu yake haijageuka. Kinachoingia chumbani mwako kimetoka chini ya msingi wako.

Nani achague nini

Nyumba ya makuti au ya bati yenye mianya, Msimbati au Kilwa Kivinje, iliyo juu ya mchanga: nisingemshauri mwenyewe atumie pesa kwenye kipimo chochote kwa sasa. Pesa hiyo inunue wavu wa madirisha.

Nyumba iliyofungwa yenye kiyoyozi, popote ilipo: kipimo cha plastiki cha mwaka mzima chumbani, au cha kidijitali cha kuchangia. Asitegemee masika peke yake.

Nyumba ya tofali Masasi, Nachingwea au Nanyumbu yenye nyufa sakafuni: vipimo viwili vya plastiki kama nilivyoeleza. Kama ni kimoja tu, kianze Desemba. Newala na Tandahimba vilevile, ila kipindi kirefushwe kifike Agosti ili kiibebe baridi.

Kabla ya kuagiza, wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya usalama wa mionzi nchini. Kipimo kikifika, kiweke chumba mnacholala, mbali na dirisha na mlango, juu kidogo ya nusu mita kutoka sakafuni, kisikae jikoni wala bafuni. Andika kwenye daftari tarehe ya kukiweka na miezi ambayo mlilala madirisha wazi.

Anayejenga sasa hivi asisubiri kipimo. Kabla ya kumwaga jamvi, mwambie fundi atandaze kokoto safi, juu yake nailoni nzito isiyotobolewa, na asimamishe bomba la plastiki la inchi 4 kutoka kwenye kokoto hadi juu ya paa. Kazi hiyo kabla ya zege ni ya siku moja. Baada ya zege inabidi sakafu ikatwe.